Mashine yako ina spidi kubwa lakini inatambaa? Pima joto kabla hujanunua kifaa

Wadau, hii ni kwa sisi tunaohariri video za bidhaa kwa kompyuta ya mezani.

Wengi tunanunua mashine used iliyotoka kwa mcheza gemu. Muuzaji anakwambia imefanyiwa ovakloki, inakimbia balaa. Ukiiwasha inakimbia kweli, ila video ikifika nusu inaanza kutambaa. Feni inapiga kelele, mteja naye anauliza WhatsApp, "Mbona kimya?" Fundi akikwambia ununue prosesa mpya, subiri kwanza.

Ovakloki ni kuilazimisha prosesa ikimbie kuliko kiwanda kilivyopanga. Chukua mfano wa Core i7-8700K. Kiwandani, kazi nzito ikishika koa zote 6, inafika 4.3 GHz. Mtu anaipandisha hadi 5.0. Ili ihimili anaiongezea umeme, na umeme ukiongezeka joto linapanda. Prosesa hii ikigusa nyuzi 100 inajipunguzia spidi yenyewe ili isiungue. Hapo haijafa, inajilinda, kama dereva wa lori anayepunguza mwendo akiona mshale wa joto umepanda.

Sasa fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Hakikisha tatizo ni hilo. Bonyeza Ctrl + Shift + Esc, nenda Performance, kisha CPU, uone spidi. Fungua pia Core Temp au HWiNFO, zote ni za bure, uone joto. Anza kutoa video ndefu, usubiri dakika 10 hadi 15. Dakika mbili hazitoshi, joto linakuwa bado halijajaa.

2. Soma majibu. Joto likikaribia 100 na spidi ikashuka, shida ni joto. Kama joto ni 70 tu na spidi inashuka, usihangaike na feni. Huenda bodi imewekewa kikomo cha umeme, au sehemu ya bodi inayolisha prosesa umeme ndiyo inayochemka. HWiNFO ina mistari inayoonyesha kama kilichobana ni joto au ni kikomo cha umeme.

3. Safisha. Zima, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kesi. Puliza vumbi kwa bloa huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke. Washa uone kama feni zote zinazunguka. Kama joto bado liko juu, zima tena na uchomoe, kisha ng'oa feni ya prosesa uangalie pesti iliyo chini yake. Ikiwa imekauka kama chokaa, ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya njegere, ufunge skrubu kwa kukaza pembe zinazotazamana. Usiiweke kesi ndani ya kabati au kuibana ukutani.

4. Rudisha spidi ya kiwanda. Ukiwasha, bonyeza Del au F2 uingie BIOS. Piga picha mipangilio iliyopo kwa simu, halafu chagua kurudisha ya kiwandani, mara nyingi imeandikwa Load Optimized Defaults. Rudia jaribio la hatua ya 1. Mashine ikitulia, mchawi ni ile ovakloki.

5. Bado unataka spidi? Shusha umeme kwanza. Kwa spidi ileile, joto linafuata umeme uliozidishwa kwa wenyewe. Ukitoka volti 1.40 kwenda 1.25, unapunguza karibu asilimia 20 ya joto linalozalishwa. Shusha kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Mashine ikiganda au kujizima, umeshusha sana, rudi hatua moja au punguza spidi.

Sasa tufanye hesabu ya biashara. Tuseme video inakuchukua dakika 10 kwa 4.3 GHz. Kwa 5.0 isiyoshuka, utatumia kama dakika 8 na nusu. Ila ikichemka na kushuka hadi 3.5, unatumia zaidi ya dakika 12. Maana yake ovakloki uliyoilipia inakurudisha nyuma ya spidi ya kiwanda, na umeme wa LUKU unaisha zaidi.

Kwa dukani, mimi nachagua spidi ya kiwanda yenye feni safi. Mteja hajui GHz zako, anajua picha ilifika au haikufika. Na mashine ikijizima katikati ya live, wateja wanahamia kwa jirani.

Mkienda kununua used, mwombeni muuzaji aiache ifanye kazi nzito dakika 15 mbele yenu huku mnaangalia joto. Akikataa, bei ishuke au muondoke.

Hifadhi hii, na umtumie mwenzako anayetaka kununua prosesa mpya wiki hii.