Tundu la Bungua Ni Mlango wa Kutokea

Mnunuzi wa mbao za zamani akiona vitundu kwenye boriti hufanya moja kati ya mawili: aiache palepale, au akimbilie duka la pembejeo kutafuta dawa ya kumimina katika kila tundu. Lakini kwa kawaida bungua hatoboi tundu lile ili aingie. Jike hutaga mayai katika vinyweleo vya mti, buu akaanguliwa humo na kula kimyakimya kwa miezi. Akishakuwa mbawakawa kamili ndipo hutoboa nje na kwenda zake. Anayemimina dawa tunduni mara nyingi anatibu nyumba iliyokwisha kuhamwa. La kuchunguza ni kama ndani kuna aliyebaki.

Anza na unga. Bungua wa jamii ya Lyctus hutoa unga laini kama poda ya mtoto, na tundu lake lina upana wa milimita 1 hadi 2. Tundu likifika milimita 3 au zaidi, na unga ukawa na chembechembe, huyo ni ndugu yake mkubwa, ambaye ukoo wake hula hata mianzi. Ukikuta vipunje vigumu, kila kimoja na pande sita, basi si bungua kabisa: hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, na huyo ana tiba yake nyingine.

Lakini unga wa siku mzigo ulipofika usikutishe. Mbao zilizorushwarushwa kwenye kirikuu humwaga unga uliolala humo miaka. Zisugue kwa brashi, zungushia chaki matundu yote unayoyaona, tandika karatasi nyeusi chini, kisha ngoja mwezi mmoja au miwili. Unga ukirudi, au likazuka tundu lisilo na chaki, yumo. Tundu bichi huwa jeupe ndani na kingo zake ni kali. La zamani limeshika giza na vumbi, pengine hata rangi imeingia. Ukiona mfereji umelala juu ya ubao badala ya tundu, ujue msumeno au randa vilipita baada ya mdudu: mti ulichanwa ukiwa umeshaliwa.

Lyctus hufuata wanga, na wanga uko kwenye weupe ulio karibu na gome. Kiini cha mninga, mvule au mkongo hakigusi, na paini hana haja nayo. Tena wanga huo huisha nguvu kadiri mti unavyozeeka. Uliokatwa zaidi ya miaka 15 iliyopita ni nadra kumlisha. Kwa hiyo mlango wa kale wa Unguja au Lamu wenye matundu tele huenda umetulia zamani. Mimi hutazama kwanza kiraka: kile kipande cha mwembe alichopachika fundi juzijuzi. Mara nyingi uhai uko hapo.

Mbao za majahazi zina hadithi tofauti. Matundu yanayoweza kumeza kidole, yenye utando mgumu mweupe wa chokaa ndani, ni ya mdudu wa baharini, ambaye kwa kweli si mdudu bali ni jamaa ya chaza. Chombo kikishakauka nchi kavu, naye amekwisha. Dawa hapo ni hela ya bure. La kupima ni uimara: chomeka bisibisi kwa nguvu za mkono tu. Ikizama, ubao huo unafaa kwa fremu ya kioo, usiubebeshe kitanda.

Ukithibitisha kwamba yumo, tiba ya kwanza ni msumeno: kata weupe wote, uchome moto. Usioweza kuukata, upake boraksi na asidi ya boriki zilizoyeyushwa katika maji ya moto, mara mbili au tatu, kwenye ubao usio na rangi wala vanishi, kisha uufunike kwa nailoni siku kadhaa ili dawa izame. Vaa glavu. Mvua huiosha dawa hii, basi iwe ya samani za ndani. Dawa ya permethrini hukaa juu juu. Buu aliye ndani hana habari nayo hadi siku ya kutoka.

Joto huua hadi kiini. Herufi HT kwenye paleti zina maana kwamba katikati ya mbao palifika nyuzi 56 kwa dakika 30, kama kanuni ya kimataifa ya ISPM 15 inavyotaka. Ila joto haliachi kinga nyuma yake. Baridi nayo huua: kinyago kidogo kifunge kwenye nailoni, ukiweke wiki mbili kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri.

Oili chafu siitaki ndani ya nyumba. Haizami vya kutosha, inanuka, na ina metali nzito ambazo mtoto atazilamba kwenye kitanda chake.

Vanishi ije mwisho, kwa sababu huziba vinyweleo ambamo jike angetaga. Ipake pande zote, hata chini ya meza na nyuma ya droo, sehemu ambazo mafundi wengi huziruka.