Mbolea tunayoitupa jalalani

Ndugu msikilizaji, ukiketi mezani Mwanza au Dar es Salaam ukala ndizi za kupika, yawezekana kabisa mkungu huo ulikatwa Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera. Ulipakiwa kwenye lori, ukasafiri mamia ya kilomita, ukauzwa sokoni, ukamenywa. Wewe umeshiba, na mkulima amepata fedha zake. Maganda yameishia jalalani. Kwa kuangalia haraka, hapana aliyepunjwa. Lakini yupo, naye ni udongo wa kule shambani.

Kila mkungu unaoondoka hubeba sehemu ya chakula cha udongo: naitrojeni, fosforasi, na hasa potasiamu, ambayo mgomba huihitaji kwa wingi. Mahindi, maharage na kahawa nazo hubeba zao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shamba nalo ni mali, na kwa miaka mingi tumekuwa tukitoa bila kurudisha.

Wazee wa Kagera walikuwa na daftari lao, ingawa halikuandikwa. Mchana ng'ombe walilishwa kwenye rweya, yaani maeneo ya wazi yenye nyasi. Usiku walilala nyumbani, na samadi yao ikaenda kwenye kibanja, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Nyasi nazo zilikatwa huko huko rweya zikatandazwa chini ya migomba. Kwa njia hiyo rweya ilikilisha kibanja, na kibanja kikawalisha watu. Lakini watu wameongezeka, rweya imegawanywa, na kaya nyingi leo hazina hata ng'ombe mmoja. Samadi kidogo inayopatikana huishia kwenye migomba. Msiri, yaani shamba la mahindi na maharage, hubaki na njaa.

Aidha, udongo uliopimwa katika eneo la Karagwe una asili ya majivu ya volkano. Udongo wa namna hiyo una tabia ya uchoyo: huishika fosforasi kwa nguvu hata mizizi isiweze kuichukua. Ukiwa na tindikali, mambo huwa mabaya zaidi.

Je, lipo la kufanya? Lipo, na limekwisha kujaribiwa huko huko Karagwe. Mwaka 2014 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, ambao kazi yao ilihusisha mashirika ya wenyeji ya MAVUNO na CHEMA, walipanda mazao saba kwa kuchanganya, yakiwemo mahindi, maharage, vitunguu na kabichi. Kila kitalu kilikuwa na mita za mraba 9. Vitalu vingine havikuwekwa kitu. Vingine viliwekwa tope linalobaki katika mtambo wa biogesi, vingine mboji ya kawaida. Kundi la mwisho lilipata mboji iliyochanganywa na chenga za mkaa pamoja na kinyesi cha binadamu kilichopashwa moto kwanza ili kuua vijidudu.

Sasa sikiliza hesabu ya mahindi, niliyoigeuza kuwa gunia za kilo 100 kwa ekari moja. Pasipowekwa kitu, zilipatikana kama gunia 4 na nusu. Tope la biogesi lilitoa kama gunia 10 na nusu. Mboji ya kawaida ilitoa karibu gunia 13. Ile mboji yenye mkaa ilifika karibu gunia 18, yaani mara nne ya shamba lililoachwa hivi hivi. Watafiti walipoupima udongo wa vitalu hivyo vya mwisho, waliona tindikali imepungua na fosforasi inayoweza kuchukuliwa na mimea imepanda kutoka miligramu 0.5 hadi 4.4 kwa kila kilo ya udongo. Uwezo wa udongo kutunza maji haukubadilika. Kwa hiyo mahindi yale yalinawiri kwa sababu yalipata chakula.

Hata hivyo, tusikimbilie kushangilia. Huo ulikuwa msimu mmoja na vitalu vidogo. Taka za kaya moja hazitoshi ekari nzima. Afadhali kuanza na sehemu ndogo. Kinyesi kibichi hakifai kamwe kupelekwa shambani, maana kinabeba minyoo na kipindupindu. Mabua na maganda ya kahawa yasifukiwe yakiwa mabichi karibu na mimea, kwani yanapooza huinyang'anya naitrojeni. Yalundikwe kwanza pamoja na samadi na majani mabichi, yanyunyiziwe maji na kugeuzwa mpaka yawe meusi na yenye kunukia udongo. Na migomba iliyougua mnyauko, ugonjwa uliokwisha kuingia Kagera, isitumiwe kutandazia shamba lenye afya.

Wala sisemi kwamba mbolea ya viwandani ni adui. Lakini tuliona bei yake ilivyopaa mwaka 2021 na 2022, hata Serikali ikalazimika kuweka ruzuku katika msimu wa 2022/23. Mkulima mwenye lundo la mboji nyuma ya nyumba hategemei duka peke yake, na hata ile mbolea ya dukani humfaa zaidi udongo wake ukiwa na uhai.

Nawageukia sasa wenzangu wa mjini. Maganda yaliyoko Dar es Salaam hayatarudi Kayanga. Gharama ya lori haikubali. Lakini yanaweza kwenda kwenye bustani za mchicha na matembele zilizo pembeni mwa jiji, badala ya kuoza mtaroni na kuzaa nzi. Yanayomenywa katika masoko ya Kayanga na Omurushaka yako hatua chache tu kutoka shambani. Kinachotakiwa ni mtu kuyatenga na plastiki tangu mwanzo, na halmashauri kuyahesabu kuwa mali.

Ndugu msikilizaji, leo ukimenya ndizi, yatazame yale maganda kabla hujayatupa. Ni deni letu kwa udongo, na udongo usiolipwa hufika siku ukakataa kukopesha.

Hadi juma lijalo, kwaheri.