Mali na Dhima: Urithi wa Mabaraza ya Nyeri

Dhima ni istilahi iliyozoeleka katika madarasa ya fasihi. Mwanafunzi huulizwa dhima ya methali au ya mhusika fulani, naye hueleza kazi yake. Katika uhasibu, neno hilo hilo lina uzito mwingine: ni wajibu wa kulipa unaomfunga mtu au taasisi. Wengi hulikwepa na kusema "madeni". Makala haya yanadhihirisha, kwa mfano wa Nyeri, kwamba maneno hayo hayalingani.

Kabla ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, Kenya ilikuwa na serikali za mitaa 175. Nyeri palikuwa na Manispaa ya Nyeri, Manispaa ya Karatina, Baraza la Mji wa Othaya na Baraza la Kaunti ya Nyeri. Hilo la mwisho, licha ya kufanana kwa majina, silo Serikali ya Kaunti ya Nyeri iliyolirithi. Mabaraza yalitoweka kisheria, ilhali viwanja, masoko na nyumba za kupangisha vilibaki palepale. Aidha, iliyokuwa Hospitali Kuu ya Mkoa mjini Nyeri ilitoka mikononi mwa serikali kuu ikawa ya kaunti. Embu nako mambo yalikuwa vivyo hivyo.

Nani basi angehakikisha kwamba kilichotoka ndicho kilichofika? Sheria ya Mpito ya 2012 ilizuia mali na dhima kuhamishwa kiholela, ikaikabidhi Mamlaka ya Mpito jukumu la kuziorodhesha na kuzithibitisha. Mamlaka hiyo ilifikia ukomo mwaka 2016 kazi ikiwa haijakamilika. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kwa mujibu wa kifungu cha 229 cha Katiba ya 2010, hukagua hesabu za kaunti kila mwaka, na ripoti zake kuhusu kaunti mbalimbali zimetaja mara kwa mara ardhi isiyo na hatimiliki na rejista za mali zisizokamilika. (Ofisi ya ukaguzi yenyewe iliwahi kuwa mrithi: Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2003 ilipounda Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, mali na dhima za Serikali zilizohusu kazi hiyo zilihamia huko. Mkaguzi anayetumia dawati la anayemkagua hana uhuru kamili.)

Mali huonekana. Soko la Karatina halifichiki, na kiwanja kikinyakuliwa ua hujengwa mchana kweupe. Dhima haina ua. Kesi iliyo mahakamani bado si deni, kwa kuwa hukumu haijatolewa, lakini huenda ikageuka kuwa deni kesho. Mhasibu hana budi kuiandika. Orodha ya "madeni" huishia kwenye ankara za waliouza bidhaa, kesi ya namna hiyo ikaachwa nje.

Tuchukue mfano wa mfagiaji wa soko katika manispaa yoyote iliyovunjwa. Mshahara wake ulikatwa pensheni kila mwezi, ila makato hayakufika kwenye hazina ya uzeeni. Hajawahi kumwandikia mtu ankara, wala hajaenda mahakamani. Atakapostaafu, haki yake itategemea kama aliyeandaa orodha ya makabidhiano alimhesabu miongoni mwa dhima.