Baridi ya Julai na Jiko la Makaa
Wewe mkulima unayekaa Kinangop au Ol Kalou waijua vizuri baridi ya mwezi wa Julai. Jioni wawasha moto, na alfajiri nyumba ni baridi kana kwamba haukuwashwa. Joto lako limekwenda wapi? Limepita juu. Hewa yenye joto hupanda, ikatokea katika mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Bati nalo hupoa sana usiku. Ndiyo maana asubuhi hudondosha maji kitandani.

Kabla ya kununua gunia jingine la makaa, tengeneza dari katika chumba cha kulala. Mbao ni nzuri, lakini magunia safi yaliyoshonwa pamoja na kukazwa chini ya boriti yatafaa pia, mradi yawe mbali na moto na taa. Nyufa za ukuta zizibe kwa udongo. Kuni zipasue mwezi wa Januari, jua likiwako. Kuni mbichi hupoteza moto wake kwa kukausha maji yaliyomo.

Lakini sikia neno hili. Chumba kikiisha kuzibwa, jiko la makaa lisiingie humo usiku kamwe. Wako wasemao kuwa makaa yakiwa mekundu, bila moshi, hayana hatari. Wamekosea sana. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi, na aliyelala haamki kuikimbia. Moto ubaki jikoni, penye tundu la kutolea moshi. Mtoto mpe chupa ya maji ya moto iliyozibwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa.