Umri wa Jiwe Si Umri wa Bao

Swali linaloulizwa kila mara Thika na Ruiru, la kutaka kujua kama bao na giuthi (mchezo wa Wagikuyu wa mashimo ya safu mbili) vililetwa na mafarao au na Waarabu, lina kasoro tangu mwanzo, kwa kuwa linamtafuta mletaji kabla ya kuthibitishwa kwamba mchezo uliletwa.

Hoja ya Misri hutegemea mashimo yaliyochongwa katika mawe ya mahekalu ya Misri kama lile la Kurna, na mashimo hayo hupewa umri wa hekalu lenyewe, zaidi ya miaka 3,000. Kosa hili limerudiwa mno. Katika machimbo ya Ndarugo, kati ya Ruiru na Thika, fundi huchonga kwa patasi jiwe lililotokana na majivu ya volkano ya kale, na hakuna anayedai kwamba alama ya patasi ina umri wa volkano. Jiwe hutangulia, shimo hufuata, na muda uliopita kati yake hausomeki kwa macho. Paa la hekalu la Kurna lina hata michoro ya misalaba ya Kikristo, ushahidi kwamba watu waliendelea kuchonga pale karne nyingi baada ya mafarao. Kwa sababu hiyohiyo, safu za mashimo za Hyrax Hill, Nakuru, alikochimbua mwanaakiolojia Mary Leakey kuanzia 1937, haziwezi kupewa mwaka kwa kutazamwa tu.

Hoja ya Waarabu husimama juu ya neno mankala, jina la kitaalamu la jamii yote ya michezo hii, litokanalo na kitenzi cha Kiarabu cha kuhamisha; lakini bao la pwani, lenye safu nne, mashimo 32 na kete 64, ni la ukoo ulioenea hasa mashariki na kusini mwa Afrika, Mfaransa Étienne de Flacourt aliueleza mchezo wa namna hiyo nchini Madagaska mwaka 1658, na hawalis ya Oman, yenye safu nne pia, inaelekea zaidi kuwa ilivuka bahari kutoka huku.

Anayeletewa dai jipya aulize ubao ulitoka tabaka gani la udongo, pamoja na vitu gani, na kama yapo maandishi yanayoeleza jinsi kete zinavyochezwa. Akikosa majibu, aliache. Mwenye nafasi amtafute mzee aliyecheza giuthi, wachimbe mashimo ardhini, ahesabu mbegu, aandike zinasambazwa kuelekea wapi, zinaliwaje, na kila hatua inaitwaje kwa Kigikuyu.