Honi ya Gari Kuukuu Inaponyamaza



Singida ni nchi ya vumbi na makundi ya ng'ombe wavukao njia; gari lisilo na honi huko ni hatari, kama lilivyo katika njia zetu nyembamba za mikarafuuni zipitazo watoto.

Honi ikinyamaza, kwanza tazama fyuzi. Ikiwa imeungua, tia ya kadiri ile ile. Usifunge waya mtupu, gari laweza kuwaka moto. Ikiwa nzima, fungua honi, uijaribu kwenye betri kwa nyaya mbili. Isipolia, imekufa. Ikilia, ubovu uko kwingine: kwangua kutu pale ishikapo bodi, fuatia nyaya zilizokatika, kisha piga msasa chini ya kitufe cha usukani. Bara adui ni vumbi. Kwetu ni chumvi ya bahari.