Masoko ya Chakula ya Kasese na Bwera

Kwanza naomba nisidhaniwe kuwa mlafi. Mlafi ni mtu anayetaka kingi. Mpenda chakula ni mtu anayetaka kujua: samaki huyu amevuliwa wapi, amekaushwa namna gani, na kwa nini unga wa mama huyu unavutika na wa jirani yake unakatika. Katika bweni letu watu hawaioni tofauti hiyo, nami nimekwisha kupewa jina ambalo sitaliandika hapa.

Sababu ya kuandika ni hii. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alileta gazeti lenye picha za masoko ya chakula ya Italia. Tuliona mapaja ya nguruwe yaliyotiwa chumvi yakining'inia darini, na jibini kubwa kama magurudumu ya baiskeli. Tulisoma kwamba jibini ya Parma haiuzwi kabla ya kutimiza miezi 12, na kwamba siki bora ya Modena hukaa katika mapipa ya mbao miaka 12 au zaidi. Watu hupanda ndege kutoka Marekani wakaenda huko kuonja tu, kisha wakarudi kwao. Mwenzetu alifunga gazeti, akasema, "Na sisi hapa tuna posho na maharagwe." Wote tukacheka, hata mimi.

Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka kwamba nilipokuwa Kidato cha Kwanza niliulizwa na wavulana wa mjini kwetu tunakula nini, nami nikajibu, "Wali." Ulikuwa uongo. Mimi ni Mkonzo wa milimani, na chakula chetu ni bundu, yaani ugali wa muhogo. Wavulana wale waliuita gundi, nami nikaona heri niukane kuliko kuchekwa. Niliukana miaka mitano.

Tena kuna jambo la kuchekesha kidogo. Husemwa kwamba mwaka 1889 mwokaji mmoja wa Naples, Raffaele Esposito, alimtengenezea malkia wa Italia mkate wa bapa wenye nyanya, jibini na majani ya mrihani, akauita kwa jina la malkia, Margherita. (Wako wataalamu wa historia wanaoitilia shaka hadithi hii.) Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mtoto wa ndugu ya mume wa malkia huyo, alipanda Rwenzori, akakiita kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,109, kwa jina lile lile. Basi chakula chao mashuhuri na mlima wetu ni wasomo. Nikaona si haki somo mmoja asifiwe magazetini na mwingine anyamaziwe. Nikakusudia katika likizo kuyatembelea masoko yetu kama wageni wale wanavyoyatembelea ya Italia: polepole, nikiuliza na kuonja.

Mama alikataa. Hakujali habari za Kasese, bali Mpondwe, pale mpakani karibu na Bwera, hakutaka hata kupasikia. Wasomaji wa wilaya hii wanajua sababu. Usiku wa tarehe 16 Juni, 2023 waasi waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakawaua wanafunzi wenzetu wengi, baadhi yao kwa moto ndani ya bweni. Tangu siku hiyo Mama hakuniruhusu kupita Kikorongo. Shangazi yangu, ambaye huuza samaki wa moshi soko lile kila wiki, ndiye aliyeniombea. Alisema, "Dada, mimi naenda pale kila Ijumaa, nami ni mtu pia. Soko likiogopwa, tutakula nini?" Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akanipa shilingi 30,000 na orodha ya vitu vya kununua. Ndivyo anavyokubali.

Kasese sitaieleza sana, maana wengi mnaijua. Wazee wetu wataukumbuka kama mji wa reli iliyofika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Siku hizi hakuna gari moshi, lakini soko lipo, na alfajiri ndiyo saa yake. Wanawake hushuka milimani wakiwa na matunda ya pasheni, na kutoka mashamba ya maji ya Mubuku huja vitunguu, mahindi na mchele. Nilijifunza kwamba pasheni lililokunjamana ngozi ndilo tamu, na lile zuri la kung'aa ndilo chachu. Kwa miaka yote nilikuwa nikichagua kinyume. Chai nilikunywa na katogo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na matumbo ya ng'ombe. Chapati iliyokunjwa na mayai, ile inayoitwa rolex, niliiacha. Ni tamu, lakini inapatikana kila kona ya Uganda, na jina lake halihusiani na saa bali ni Kiingereza cha mayai yaliyokunjwa kikitamkwa haraka.

Tulipanda gari, Shangazi na mimi na vikapu vyake vitatu. Kutoka Kasese barabara inashuka hadi Kikorongo, na hapo tukaacha njia ya Katunguru tukashika ya kulia iendayo Kongo. Karibu na hapo ipo njia ya kwenda Katwe, na Shangazi alikuwa na haja ya chumvi, basi tukaenda huko kwanza.

Ndugu zangu, kama Italia wana siki yao, sisi tuna Katwe. Ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkano ya zamani. Maji ya chemchemi huingia yakiwa yamebeba chumvi za mawe, lakini hayana mahali pa kutokea. Jua huyapunguza, na chumvi hubaki. Kandokando ya ziwa watu wamechimba vidimbwi vingi vilivyotengwa kwa kingo za udongo na miti, na kila kidimbwi kina mwenyewe. Maji huingizwa humo, jua likafanya kazi yake, kisha chumvi hukusanywa. Mvua ikinyesha kazi huharibika, kwa hiyo wenye vidimbwi hulitazama wingu kama wakulima wengine wanavyolitazama jua kali. Wanaume huingia katika ziwa lenyewe na mitaimbo, wakavunja mawe ya chumvi chini ya maji, wakayapakia juu ya vyelezo vya miti. Kazi hii si ya mchezo. Maji yale huuma kila penye jeraha, na ngozi ya miguu ya mzee niliyezungumza naye ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi.

Chumvi hii ilipiganiwa. Watu wa Kabalega wa Bunyoro waliishika, na mwaka 1891 Kapteni Lugard akajenga ngome hapo, akaiita Fort George, kwa sababu mwenye chumvi alikuwa na fedha. Baadaye, katika karne ya 20, serikali ilijenga kiwanda kikubwa, lakini mabomba yake yaliliwa na chumvi ile ile yaliyoletwa kuivuta. Magofu yake yapo mpaka leo, na watu wanaendelea na vidimbwi.

Mzee alinionjesha aina mbili. Ile ya kidimbwi, nyeupe, ni kali ya kawaida. Ile ya mawe, yenye rangi ya majivu na waridi, ina uchungu nyuma ya ulimi. Hiyo hupewa ng'ombe, na pia Wanyankole huitumia katika eshabwe, mchuzi wao mweupe wa samli, kwa maana magadi yake ndiyo yanayoifanya samli iumuke na kuwa laini. Nilikuwa nimekula eshabwe arusini bila kujua kwamba nakula Katwe. Lakini msomaji asiache chumvi ya dukani: hiyo hutiwa iodini inayozuia rovu, na ya Katwe inapotoka kidimbwini haijatiwa.

Tulifika Mpondwe karibu saa tano. Soko hufanyika Jumanne na Ijumaa, nami sijui niseme nini ili asiyefika aelewe. Mto Lhubiriha ndio mpaka. Ng'ambo ni Kasindi, nchi ya Kongo. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu na lugha yao ni moja, lakini wafanyabiashara kutoka mbali hutumia Kiswahili, basi mwanafunzi anayelalamika kwamba somo hili halina kazi Uganda na aende Mpondwe Ijumaa moja. Fedha ni za namna tatu: shilingi, faranga na dola. Shangazi hajamaliza shule ya msingi, lakini huzibadili zote kichwani kabla mimi sijatoa kalamu.

Kutoka Kongo huja mafuta ya mawese, mekundu kama udongo wa njia, katika madumu ya njano. Mama mmoja wa Kasindi alinitia tone kwenye kiganja, akasema, "Onja, papa." (Kwao hata kijana huitwa papa kwa heshima.) Mawese mazuri yana harufu kama ya karoti mbichi. Yakiwasha kooni yamekaa sana. Kutoka kwetu huenda maharagwe, unga, chumvi na samaki.

Kwa samaki Shangazi alikuwa mwalimu. Wa Ziwa Edward na wa Ziwa George wote hufika hapa: ngege, semutundu, kambale, na yule ambaye Uganda anaitwa mamba. Mgeni wa pwani asishtuke, si mamba wa kula watu, ni samaki mrefu anayeweza kupumua hewa. Samaki mbichi hutazamwa mashavu, yawe mekundu, na macho yasizame. Wa moshi hupimwa kwa mkono. Akiwa mzito kuliko ukubwa wake, hakukauka ndani, na baada ya siku mbili atakuwa na funza. Ukimgonga kwa ukucha alie kama kibao kikavu. Nilimwonyesha Shangazi fungu la ngege wadogo, wa bei nafuu sana, kila mmoja kama kiganja changu. Uso wake ulibadilika. Alisema kwa sauti ya chini, ili mwenye meza asisikie, "Hawa hawajazaa. Ukiwanunua, unanunua vikapu vyangu vya mwaka kesho." Sheria inakataza kuvua samaki wachanga, lakini walikuwapo mezani na watu walikuwa wakiwanunua. Shangazi aliniambia kwamba zamani alijaza vikapu vitano. Sasa ni vitatu, na si kila Ijumaa.

Saa nane tulikula. Hakuna hoteli ya kusifiwa, ni kibanda cha mabati chenye mabenchi mawili na moshi mwingi. Tuliletewa bundu, sombe, na ngege wa moshi katika mchuzi wa karanga.

Sasa nitaeleza bundu, maana ndiyo deni langu. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ya sianidi, na majani yake kadhalika. Kwa hiyo bibi zetu, ambao hawakusoma kemia, humenya muhogo, huuacha uchachuke siku kadhaa, huuanika juani mpaka ukauke kabisa, kisha husaga. Sumu huondoka katika kuchachuka na kukauka, na ladha ile ya uchachu kidogo ndiyo alama kwamba kazi imefanywa. Anayeharakisha huwadhuru watu wake. Unga mwema ukiusugua vidoleni ni laini kama poda, na hauna harufu ya uvundo. Hutiwa katika maji yanayochemka na kusongwa kwa nguvu mpaka uwe mzito na wa kuvutika. Wengine huchanganya ulezi, ukawa wa kahawia. Sombe nayo ni majani ya muhogo yaliyotwangwa sana na kuchemshwa muda mrefu, kisha yakatiwa mawese. Bundu haitafunwi. Unakata tonge, unalibonyeza kwa kidole gumba, unachota mchuzi, unameza. Wale waliouita gundi walikuwa wakiutafuna.

Samaki yule sitamsahau. Moshi ulikuwa umeingia mpaka mfupani, na karanga zilikuwa zimeulainisha ukali wake. Mpishi, mama mzee, aliketi mbele yetu, akaniuliza, "Na huko shuleni kwenu, mwanangu, mnapenda bundu?" Shangazi alinitazama. Niliwaza kusema ndiyo. Nikamwambia ukweli, kwamba niliwaambia wenzangu tunakula wali. Mama yule alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge, kisha akaniongezea tonge bila malipo. Shangazi hakucheka. Alikula kimya hadi mwisho, na njiani kurudi, tulipokuwa tumekwisha kupita Kinyamaseke, ndipo aliposema, "Ada yako ya Kidato cha Kwanza ilitoka katika bundu na samaki."

Nilirudi shuleni na kilo mbili za unga wa muhogo na ngege wanne wa moshi. Jumamosi ya pili ya muhula mpishi wetu alituruhusu kutumia jiko, tukasonga. Mwenye gazeti la Italia alikuja, akatafuna tonge la kwanza, nikamwonyesha namna. Alikula matonge tisa. Niliyahesabu.

Mama naye alipokea vitu vyake siku ile ile ya soko. Alifungua chumvi ya Katwe, akaionja kwa ncha ya ulimi, akauliza nimelipa kiasi gani. Nilipomwambia, akasema nimepunjwa, na kwamba safari nyingine atakwenda yeye mwenyewe.